Blogu niliyoiandika edani, isiyokuwa na msomaji

Asalaam aleikum wakuu, na shikamoo kwa wanaostahiki. Miaka mingi mie humu ni msomaji wa kimya. Leo nasema langu, na wallahi sitii chumvi.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Nikakaa eda kule Likoni, nyumbani kwa mamake. Miezi minne na siku kumi hutoki, hujipambi, na wageni wanakuchungulia macho wajue kama umelia.

Wiki ya tatu hivi nikafungua blogu kwenye simu. Jina langu sikuweka, link sikumpa mtu. Views sufuri, nami raha mustarehe.

Niliandika visa vyake tu. Yule bwana alikuwa na vituko! Siku moja alinunua samaki Shelly Beach, kufika nyumbani ananuka mpaka kwa jirani. Akaapa samaki hana neno, amechoka tu na jua.

Kuandika hilo nikacheka. Kicheko cha sauti, wakuu, mjane mwenye eda!

Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni.

"Wacheka nini, mwanangu?"

Jambo kama hilo likitoka nje, ushakuwa gumzo la mtaa. Nikaona bora ukweli, nikamsomea.

Akakaa kitandani, kaziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Hiyo ya samaki sikuijua," akasema. "Nisomee nyingine."

Basi ikawa kila siku baada ya Alasiri. Eda ikaisha, nikarudi kazini Changamwe, lakini kila Jumapili navuka feri kwenda kumsomea. Sijaitangaza blogu hadi leo. Ni ya raha yangu.

Jamani, namkumbuka mume wangu. Hata ule mnuno wake nautaka.

Jumapili iliyopita mama akaniuliza, "Haya, leo kafanya nini?" Kana kwamba yu hai.

Visa vilikuwa vimeniishia, wakuu. Nikatunga kimoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. "Huyo si mwanangu," akasema. "Lakini we soma tu."

Nilichojifunza: yaandikeni ya wapenzi wenu wangali hai, hata kama hasomi mtu. Mie nilidhani kumbukumbu hazina mwisho.

Nipeni maoni yenu, na msinionee haya. Jumapili hii niende na nini?