Bendera Niliyoikunja

Katika tasnifu yangu kuhusu reli moja ya abiria wa vitongojini huko Japani, nilikuwa nimeandika kwamba mlinzi wa njia, yule anayesimama kando ili kuwatahadharisha mafundi treni ikija, hashiki kifaa cha kazi hata kwa dakika moja. Kanuni hiyo niliinakili kutoka tafsiri ya mwongozo wao, na pembeni nikaongeza kwa kalamu ya risasi: "Haihitaji maelezo."

Kiangazi kimoja, katikati ya miaka ya themanini, nilipata kibarua cha ulinzi huo huo kwenye njia ya treni za mjini, karibu na Spånga, huko Uswidi. Nilikabidhiwa honi na bendera nyekundu. Fundi niliyemlinda alikuwa mzee wa Tanga aliyehamia Tensta, kitongoji cha jirani, rika la baba yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijamsalimu msimamizi.

Siku hiyo alikuwa akihangaika peke yake kuinua taruma la reli, lile gogo linalolaliwa na vyuma, kwa mtaimbo. Nilisimama hatua tano kutoka kwake, kando ya njia.

"Msomi," akaniita bila kuinua kichwa, "kwenu kijana humtazama mzee akibeba mzigo?"

"Kazi yangu ni kutazama, mzee."

"Basi nitazame vizuri. Nikizimia, uandike kitabu."

Alicheka, mimi nikaona haya. Nilipima hoja ya kanuni na hoja ya adabu, nikazipima tena, na muda wote huo mgongo wake ulikuwa ukitetemeka. Hatimaye nikaikunja bendera mara nne, nikailaza juu ya kokoto, nikaweka honi juu yake upepo usiipeperushe, nikaenda kushika mtaimbo.

Treni sikuisikia. Niliuona tu uso wa mzee ukibadilika. Akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, tukaanguka mtaroni, na mabehewa yakapita pale tulipokuwa tumeinama. Mtaimbo ulirushwa hadi kwenye uzio.

Nilijaribu kuhesabu ni sekunde ngapi zilikuwa zimebaki. Kila nilipoanza, nilisahau nilipoanzia.

Mzee aliketi akitoa kokoto kwenye kiatu.

"Mimi nilikutania," alisema. "Nawe ukanitii."

"Nisamehe, mzee."

"Nenda ukamwambie msimamizi. Sasa hivi, kabla sijakuonea huruma nikanyamaza."

"Watanifukuza."

"Wakufukuze. Mimi nina mke Tensta ananisubiri."

Nilikwenda. Nilieleza yote kwa Kiswidi changu cha darasani. Nikataja hata idadi ya mikunjo. Msimamizi alinyoosha mkono nimrudishie honi na bendera, nami nikatambua kwamba nimekuja mikono mitupu. Niligeuka kutazama. Vilikuwa bado kule juu ya kokoto, kama nilivyovipanga, na mzee amesimama kando yake akitazama njia, kushoto, kisha kulia, akijilinda mwenyewe.