Shikamoo ya Mpishi

Basi liliponishusha Tabora nilikuwa na mkoba wa nguo na tusi moja nililokuwa nimelipika tangu Singida. Nzega, tuliposhuka kujinyoosha miguu na kununua karanga, lilikuwa limeiva. "We kizee, bado hujafa? Au hata kuzimu wamekukataa kwa ugali wako mbichi?" Nililirudia kimoyomoyo njia nzima, nikicheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akasogeza mfuko wake.

Tusi lilikuwa la mpishi wa kituo. Mimi ni Mtaita, nimezaliwa Kenya, na mara ya kwanza nilipelekwa Tabora na shirika moja kujitolea katika kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu, mtaa wa Isevya. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Ninamshika mtoto ambaye shingo yake haijakaza, ninamwonyesha mama yake namna ya kumkalisha, na kesho yake tunaanza upya. Siku ile ya kwanza nilipofika, mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanikagua kutoka juu hadi chini, akaniuliza kabila. Alikuwa mama wa Kinyamwezi, mjane, mnene, aliyelingana na mama yangu mdogo kwa umri. Nilipomjibu, macho yakamng'aa.

"Mtaita? Basi wewe mtani wangu. Babu yangu alipita kwenu amebeba pembe, babu yako akamwibia kibuyu cha maji. Umekuja kukirudisha?"

Sijui kama kuna mzee yeyote, wa kwao au wa kwetu, ambaye angeuthibitisha utani huo. Ninachojua ni kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo hadi pwani vizazi na vizazi, na kila walikopita waliacha watani, watu wa kutukanana nao bila ugomvi na wa kuzikana nao. Mpishi alinipachika humo. Kuanzia siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Nikawa "mla kimanga", kwa chakula cha kwetu ambacho hakuwahi hata kukionja. Aliwaambia wazazi wa watoto kwamba Kenya walinifukuza kwa ulafi. Alificha kiti changu nyuma ya mapipa. Mimi nami niliwaambia watoto kwamba ugali wake ndio wanaojengea reli. Aliyewahi kuishi ugenini atanielewa: watu wakikuheshimu mno, ujue bado uko mlangoni. Mimi nilitukanwa kila asubuhi, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa nyumbani.

Alasiri moja alirudi kutoka mazishini amenuna. Marehemu alizikwa bila mtani, akasema, kimya kama wanafukia kinyesi cha paka. Kwa watu wake mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka maiti. Huiga mwendo wake, hutaja uchoyo wake, hujilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka agombolewe, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka.

"Nikifa, uje wewe," alisema, akimenya viazi. "Ulale mle ndani, usinyanyuke mpaka wanangu wakupe jogoo. Waambie nilikuwa mchoyo wa nyama. Ila usilie. Mtani akilia si mtani tena, ni mfiwa kama wengine, na mimi nitakuwa nimezikwa bila mtu."

Nikamwambia sitalia, labda kwa moshi wa jiko lake. Nikaapa, na yeye akanirushia ganda la kiazi.

Kisha baba yangu akaugua, nikarudi nyumbani kumuuguza. Miaka mitatu ilipita hadi tulipomzika. Mwanzoni mpishi na mimi tulitukanana kwa simu, baadaye namba yake ikawa haipatikani. Mambo ya nyumbani yalipotulia, shirika lile lile lililonipeleka zamani likakubali nirudi. Kumbe wakati sipo lilikuwa limeanza kukisaidia kituo kwa chakula, dawa na mishahara. Kwangu hiyo ilikuwa habari njema, na sikuiwazia zaidi ya hapo.

Nilikuta lango limepakwa rangi. Mkuu wa kituo, bwana mmoja mpole wa sauti, alikuwa amewapanga wafanyakazi mstari mmoja kunipokea, na mwisho wa mstari alisimama mpishi na kofia nyeupe ya kitambaa kichwani. Alikuwa amekonda. Sikungoja salamu. Nililifyatua tusi langu lote mbele ya watu, mikono kiunoni, nikangoja jibu.

Akapiga goti. "Shikamoo, madamu," akasema. "Bado sijafa. Namshukuru Mungu."

Nilicheka nikidhani ndiyo mbinu yake mpya, na kwamba pigo lenyewe linafuata. Halikufuata. Mama wa kuweza kunizaa alikuwa ameniamkia shikamoo, na mstari mzima ulikuwa unatazama chini. Sikuitikia marahaba. Ningeitikiaje?

Jioni ile nilimfuata mkuu ofisini. Akaniambia bila hata kuona haya kwamba aliitisha kikao na kuwakanya wote. Mimi sasa ninawakilisha wafadhili. Haipendezi mpishi amtukane mwakilishi, wafadhili wakisikia watatuonaje? Nikamwambia sikutumwa na mtu kumwakilisha mtu, nimekuja kunyoosha miguu ya watoto. "Ndivyo unavyosema wewe," akajibu, akatabasamu, akaniuliza kama chumba changu kina chandarua kizuri. Ninalichukia tabasamu lile hadi leo. Mtu akikutukana unajua pa kumshika, lakini mtu anayekuheshimu kwa nguvu humpati popote.

Majuma yaliyofuata nililetewa chakula changu peke yangu, kimefunikwa kitambaa, na pande la nyama kubwa kuliko yote juu yake. Yule aliyenifichia kiti sasa alikifuta vumbi kabla sijakaa. Siku moja nilimvizia jikoni tukiwa wawili tu.

"Mwenzangu," nikamwambia, "hivi nimekukosea nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Hujanikosea. Lakini mwiko huu ndio unaomsomesha mjukuu wangu. Mpishi wa kunirithi anapatikana kesho asubuhi. Usinitafutie balaa, madamu."

"Usiniite madamu."

"Nitakuita nini, na kuta zina masikio?" Kisha akainama kuchochea moto, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nikaiona ile pembe ya mdomo ikipanda. "Nikifa ndipo uje. Maiti hafukuzwi kazi."

Hilo ndilo alilonibakishia, na nililishika kama mtoto anavyoshika upindo wa kanga ya mama yake sokoni. Niliacha kumsumbua. Nilikula nyama yangu kubwa peke yangu, mchana baada ya mchana, na ilikuwa chungu.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Alianguka nyumbani kwake akijiandaa kwenda misa, na walisema ni presha. Wanawe waliamua azikwe shambani kwao, upande wa Tura. Siku ya mazishi niliingia jikoni nikachukua mwiko wake, nikauficha ndani ya kanga. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningekwenda kwa mwendo wake wa bata, ningewakagua waombolezaji kutoka juu hadi chini kwa macho yake, ningewapimia hewa kwa mwiko kwa ule mkono wake mzito wa ugali na mwepesi wa nyama, kisha ningejilaza kaburini kudai jogoo wangu. Nilikuwa mtu mzima ninayefanya mazoezi ya kuchekesha mazishini, na ndani ya kifua nilikuwa na jiwe.

Wafanyakazi wenzangu walipanda nyuma ya lori pamoja na jeneza. Mimi mkuu alinifungulia mlango wa mbele. Tulipofika akanikalisha kwenye kiti chenye mto, chini ya turubai, pembeni ya katekista, na akanitangaza kwa kipaza sauti: mgeni wetu, mwakilishi wa wafadhili, aliyeacha shughuli zake nyingi. Watu wakapiga makofi. Mazishini! Nikainamisha kichwa kwa fedheha.

Sala ilipokwisha, mzee wa ukoo akasimama kando ya kaburi. "Mtani wa marehemu yupo? Ajitokeze kabla hatujashusha."

Nilisimama. Ilinibidi kupita mbele ya wafanyakazi wa kituo, na wale waliokuwa wameketi chini wakainuka kunipisha. Mzee wa bustani, mwenye mvi kichwa kizima, akavua kofia. "Shikamoo, madamu." Mwanamke aliyekuwa akimsaidia mpishi kuchota maji, naye mzee, akapiga goti lile lile. "Shikamoo, madamu." Jiwe likapasuka. Sikuwa nimefika hata nusu ya njia. Nilifungua mdomo nitoe sauti ya mpishi, kikatoka kilio, kikubwa, cha aibu, na hakikukubali kurudi. Mkuu alikuwa wa kwanza kunidaka mkono. Akina mama wakanizunguka, wakanirudisha kitini, wakanipepea kwa kanga, wakaninywesha maji. "Pole, mgeni. Pole sana." Nyuma yao nilimsikia mzee wa ukoo akiuliza mara ya pili, kisha akangoja muda mrefu, kisha nikasikia udongo.

Hakuna aliyecheka siku ile. Alizikwa kwa heshima zote.

Watu walipoanza kunawa mikono, binti yake mkubwa alinijia. Yeye ameolewa Urambo, hatukuwahi kuonana. Alikuwa na mdomo ule ule wa mama yake, pembe ile ile. Akapiga goti, akanishukuru kwa kuja.

"Madamu, wewe umefanya kazi na mama. Alikuwa na mtani wake hapo kituoni, yeye alimwita mla kimanga, sisi jina lake hatulijui. Alituambia huyo hatakosa kuja. Jogoo tumemfungia tangu jana. Unamfahamu?"

Mwiko ulikuwa bado chini ya kanga, umenilalia ubavuni.

"Namfahamu," nikasema. "Alikuja. Lakini alilia."

Akatikisa kichwa.

"Basi huyo hakuwa mtani," akasema. Kisha akaona jua limenifikia, akaninyanyua taratibu, akabeba kiti changu chenye mto na kukisogeza kivulini.