Mkono Uliozoea Hatamu

Mtakayosoma hapa mtayakataa, na siwalaumu. Watu wa Njoro waliyaona kwa macho yao wenyewe na bado waliyabishania kwenye pombe mpaka mmoja akapoteza jino. Lakini niaminini. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na kudanganya huanza kufundishwa la nne.

Mwaka wa hamsini na nne, Kosgei, mume wa dada yangu Chelangat, alikuwa mjumbe wa shamba moja la pareto juu ya Njoro, upande wa Mau. Kila asubuhi alipanda nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, akateremka mpaka stesheni na mfuko wa barua za mzungu, na jioni akarudi na magazeti, dawa za ng'ombe, na habari zote za njiani: nani amezaa, nani amefukuzwa, nani amemlilia nani. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Mimi nilimwoza dada yangu kwa mtu mwenye mnyama, si kwa sura, na mkimwona mtanielewa.

Nyumbu mwenyewe aliitwa Kasisi, kwa sababu kila akifika mbele ya lango aliinamisha kichwa na kufumba macho kana kwamba anaombea chakula. Kosgei hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani, lakini juu ya yule nyumbu alizungumza kutoka lango la shamba mpaka reli. Ukitaka kujua shemeji yangu anawaza nini, ulimuuliza nyumbu.

Basi siku ya Jumatatu, kwenye mwezi wa mvua, gari la shamba likaleta sanduku la mbao kutoka Nakuru. Ndani mlikuwa na pikipiki mpya kabisa, tangi la kijani linalong'aa, bado imefungiwa nyasi kavu kama mayai. Mwenye shamba alisimama kando yake akitabasamu. Tulimwita Bwana Koti, kwa koti lake la mvua ambalo hakulivua hata jua likipasua mawe.

"Kosgei," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunja kuni, "hii ya wewe. Ijumaa wewe enda Njoro na hii, rudi na barua. Ukiweza, kazi ya wewe, nyumba ya wewe. Ukishindwa, mimi nachukua dereva ya Nakuru, wewe funga mizigo."

"Na Kasisi, bwana?"

Bwana Koti akatazama zizi, kisha akatazama viatu vyake. "Mimi hapana lisha mbili. Wewe kujua pikipiki, mzee huyu pumzika. Wewe shindwa, ondoka na yeye."

Kosgei alikuwa amewaona ng'ombe wa shamba lile wakipumzishwa. Kulikuwa na shimo nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe, na bunduki juu ya meko ya mzungu.

Karani wa shamba, kijana anayeitwa Micah, ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha, kwenye uwanja ulio mbele ya vikaushio vya pareto. Kosgei akaisogelea pikipiki kwa upande wa kushoto, pole pole, akalipapasa tangi.

"Unafanya nini?" Micah akamuuliza.

"Najijulisha."

"Mzee, hiyo si shingo. Hata ikikujua, haitajali."

Akamwonyesha klachi, gea, breki, na kishikio cha mkono wa kulia kinachozungushwa ili moto uongezeke. Kosgei akaitikia yote kama mtu anayesomewa hukumu. Akapiga stata, chombo kikaunguruma, akaachia klachi, na kikaondoka naye. Hapo ndipo balaa lilipokuwa limejificha. Mkono wa Kosgei kwa miaka kumi na mmoja ulijua jambo moja: mnyama akikimbia, egemea nyuma, vuta hatamu. Basi akaegemea nyuma. Akavuta. Mkono wa kulia ukazungusha kishikio, na pikipiki ikafurahi.

"Taratibu!" Kosgei akapiga kelele. "Taratibu, Kasisi!" Na kadiri alivyovuta ndivyo ilivyokimbia, mpaka ikaingia kwenye vitanda vya waya na kumwaga pareto ya wiki nzima. Alitoka mle mweupe kwa maua kama bibi harusi. Wanawake waliokuwa wakichuma waliketi chini kwa kucheka.

Yeye hakucheka. Alitazama kwanza upande wa zizi, na moyoni, Mungu anisamehe kwa kuusema moyo wa mtu, akashukuru kwamba ameanguka.

Jumanne alianguka mara nne. Jumatano alianguka mara tatu, na ya mwisho ilikuwa kwenye tambarare, hakuna jiwe wala tope. Micah alimwinua akamtazama sana.

"Mzee Kosgei, leo hukuanguka. Leo umejilaza."

"Utamwambia bwana?"

"Mimi sisemi kitu. Lakini Ijumaa inakuja yenyewe, haingoji mtu alale."

Jioni ile alikwenda zizini kama kawaida na majani mabichi. Kasisi akaleta pua kwenye kiganja chake, akanusa petroli, akageuza kichwa ukutani. Kosgei akanawa mikono kwa majivu, akarudi. Nyumbu akanusa tena, akageuka tena. Majani yakabaki chini.

Nyumbani, dada yangu alimkuta akikanda goti kwa maji moto. Chelangat alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuwa na subira ya ziada.

"Baba Chemutai, umeumia wapi?"

"Kila mahali."

"Nasikia huwezi. Mtu aliyevuka mto Ndarugu ukiwa umefurika, juu ya nyumbu, amebeba barua kwa meno, leo anashindwa na kitu kisicho hata na akili ya kukataa?"

Chelangat akafungua mlango, akamwonyesha nyumba ya jirani. Ilikuwa ya mama Wariara. Mwaka uliotangulia, asubuhi moja, lori la serikali lilikuja kuwabeba Wakikuyu wote wa shamba, ati ni watu wa vita vya msituni. Wariara alipanda na wanawe akiwa bado na unga mikononi. Kuku wake walizunguka mlango siku tatu. Sasa paa lilikuwa limeingia ndani, na mahindi yalimea pale palipokuwa na kitanda.

"Hao waliondolewa bila kosa," Chelangat akasema. "Wewe unataka tuondolewe kwa ajili ya punda nusu? Usinifanye nizalie kwenye lori, baba Chemutai."

Akafunga mlango. Kosgei akamaliza kukanda goti.

Alhamisi hakuanguka. Micah anasema alipanda bila kulipapasa tangi, na kila chombo kilipomshtua, alifumbua vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama mtu anayeachia kitu mtoni. Kufikia saa sita alikuwa anazunguka vikaushio mkono mmoja ukifuta jasho.

Ijumaa akateremka Njoro. Safari ya nyumbu ilikuwa saa mbili na nusu. Pikipiki iliimaliza kabla uji haujapoa tumboni. Wale watu aliozoea kusimama nao, mzee wa nyuki, mama wa viazi pale darajani, waliinua mikono tu, wakameza moshi. Kwenye kizuizi askari walikagua kipande chake cha utambulisho, wakalisifu tangi. Mbele ya lango la misheni, Kasisi alipopenda kuinamisha kichwa, Kosgei alijikuta amepunguza mwendo. Akangoja kidogo, injini ikilia. Kisha akaenda.

Alirudi kabla ya chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakuwa na habari hata moja ya kumsimulia mtu.

Bwana Koti alitazama saa yake, akampiga begani. "Mzuri sana! Sasa wewe dereva." Akaingia ndani. Akatoka na bunduki, bila haraka, akasema, "Lete yeye nyuma ya josho. Shika kamba."

Kosgei akaenda zizini. Kasisi, aliyekuwa hajala tangu Jumatano, akainamisha kichwa mbele ya lango, akafumba macho. Kosgei akatoka naye. Micah akatoka ofisini akasimama na kalamu sikioni, akarudi ndani. Wakafika kwenye josho. Na hapo ndipo mtakapokataa, lakini nawaambia, Kosgei aliitupa ile kamba, akampiga Kasisi kofi moja la tako lililosikika mpaka Molo, na nyumbu yule mzee akaruka waya nne za ua bila kugusa hata moja, akapanda Mau kama moshi, na risasi ikamfuata ikachoka njiani, na mpaka leo wachoma makaa wa msituni hukutana naye asubuhi, amenenepa, akiongoza watoto wake watatu kwenda kunywa—

"Shemeji," anasema Kosgei, anayenisikiliza nikisoma, kikombe kimepoa mkononi. "Nyumbu hazai. Na ile kamba niliishika mimi."