Mbuni Zimejaa

Juzi mwanangu alifungua pakiti ya kahawa jikoni, na harufu ile ikanirudisha Njiru ya zamani, wakati nyumba yetu ilikuwa ya mwisho na baada yake ni nyasi tu, hadi macho yanapochoka.

Siku moja Baba Achieng, jirani yetu aliyefanya kazi reli, alipita akikokota baiskeli. "Mama Wanjiru," akamwambia mama, "leo mbuni zimejaa huko nyuma!"

Mbuni niliyoijua mimi ilikuwa kahawa kavu ya nyanya yangu, iliyoanikwa juu ya gunia, ikinukia uchachu na utamu. Angesema "wamejaa", labda ningeshtuka, lakini Kiswahili cha mtaani kwetu hakikuwa na habari ya ngeli. Nikachukua kiondo nikaenda kuokota.

Nyasi zilinuka jua. Nilikuwa nikitafuta vichaka vya kahawa nilipoona miguu. Juu ya miguu kulikuwa na manyoya meusi, na juu kabisa jicho lenye kope ndefu kuliko za mama. Ndege yule akainamisha shingo taratibu, akachungulia kiondo kitupu, kisha akanitazama mimi. Nilisikia pumzi yake. Akageuka, akaenda zake bila haraka.

"Ulikuwa wapi na kiondo changu?" mama akauliza.

"Nilifuata mbuni. Ikanitazama."

Mama akanigusa paji la uso, akidhani ni malaria.

Sasa najua ni neno moja, vitu viwili. Lakini bado, kabla ya kunywa kahawa, huinama kidogo juu ya kikombe, nikingoja initazame.