Sikuondoka kwenye Mti Wangu

Majina sitaandika. Wala si kwa heshima. Wanaowajua watawajua tu: mmoja ni mzee wa Auderghem, huku Brussels, mwenye bunduki, na mwingine ni parrain wa binti yangu, yule aliyemshika kanisani siku ya ubatizo. Huyo parrain ndiye aliyenipiga risasi. Mzee ndiye aliyemaliza kazi, kwa mdomo wake. Nimeanza na hilo ili mtu asinisome akitafuta mkosaji ni nani. Wakosaji ni hao wawili.

Tulikuwa watatu, na kila printemps, baridi ikiisha, tulikwenda kuwinda dindon. Wengine wanamwita bata mzinga. Siyo wale weupe wanene wa Noeli, wanaouzwa wamefungwa plastiki. Hawa ni wa porini, weusi, miguu mirefu, manyoya yanang'aa rangi nyingi kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye maji. Ubelgiji hawako. Ilibidi tuvuke mpaka wa Ujerumani, tupite Aachen, mpaka kwenye msitu wa rafiki wa mzee. Zamani watu waliwaleta dindon kule wakawaachia, wakazaliana wenyewe. Miti inapoanza kutoa majani, madume yanatafuta majike, na rafiki huyo alimruhusu mzee apige madume.

Mzee ni Mbelgiji, ila alizaliwa Likasi, kule Kongo, kama mimi. Yeye kwenye nyumba yenye bustani na baraza, mimi ng'ambo ya reli. Tulikutana nje ya kanisa, mtaani kwetu Saint-Josse, nikimgombeza binti yangu, wakati ule bado mdogo. Mzungu mmoja mwenye kofia akasimama.

"Eh, bwana! Unamuchapa mutoto ya batu na maneno ya Likasi?"

Nilicheka mpaka nikasahau kugomba. Mzungu anayeuita ugali "bukari" kama wewe, anayejua mahali shule ya masista ilipokuwa na duka la Mgiriki lililokuwa mbele yake, unamfungulia mlango. Unasema huyu ni ndugu. Ukiwa mbali na kwenu, mtu hakudanganyi kwa lugha ya kigeni. Anakudanganya kwa lugha ya mama yako.

Parrain nilimjua tangu siku zangu za kwanza huku Ubelgiji. Yeye ni wa Lubumbashi, ana duka la vyakula vya kwetu, na ile gari yake ya mizigo ndiyo tuliyosafiria. Ilinuka makayabu, samaki wa chumvi, hata ukifungua madirisha yote.

"Compère," nilimwambia kila safari, maana ndivyo baba na parrain wa mtoto wanavyoitana, "dindon itasikia hii harufu, itasema leo ni Ijumaa ya Kwaresima, itabakia nyumbani."

"Nyamaza weye. Dindon ya Allemagne ni Protestant. Haijue Kwaresima."

Mzee alicheka akiwa ameegemea kiti cha mbele, thermos ya kahawa katikati ya magoti. Naandika haya na bado nasikia kicheko chake. Kinanichukiza, lakini nakisikia.

Bunduki sikuwa nayo. Kupata ruhusa ya kuwinda kuna mtihani, na mimi shule niliiacha mapema, baba alipokufa. Kazi yangu ilikuwa kuita. Nilipokuwa mdogo tuliwinda kanga nyuma ya mashamba, nikajifunza kuwaita kwa koo na midomo. Dindon jike si mbali na kanga, ni sauti nzito kidogo tu, yenye kukwaruza. Mzee alikuwa na kisanduku cha mbao cha kufanyia sauti hiyo. Parrain akikishika, kilitoa mlio kama mlango wa choo. Mimi nilitumia mdomo wangu, dume likajibu kutoka upande wa pili wa bonde, kwa hasira, kama mtu aliyeitiwa mkewe.

Nilikuwa na kitu kingine pia: bawa kavu la dindon tuliyoiua mwaka wa kwanza. Asubuhi ndege hawa wanashuka kutoka matawi wanakolala, na wakishuka mabawa yanapiga kelele. Basi nilikaa chini, mgongo kwenye mti, nikalipigapiga lile bawa gotini. Paf, paf, paf. Halafu naita. Dume linasikia jike limeshuka, linakuja.

Sheria ilikuwa moja, na mzee aliirudia kila mara kabla hatujaachana na gari, kidole juu:

"Anayeita haondoki. Anayepiga haondoki. Dindon peke yake njo iko na ruhusa ya kutembea."

Tuliitikia kama watoto wa katekisimu. Sababu yake iko wazi. Mtu anayeita vizuri, ukimsikia bila kumwona, ni dindon. Ukitoka mahali pako ukaifuata sauti, unamfuata mtu.

Mwaka ule parrain alikuwa hajapata ndege kwa misimu miwili. Mzee alimtania njia nzima. Akamwambia wanawake wa Saint-Josse watapika maharage tena, akamwambia anipe mimi bunduki na yeye ajifunze kuita. Parrain alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka.

Mzee mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwenye mti wangu, mti mnene wa gome la kijivu, laini kama ngozi ya tembo. Akanigusa begani. Halafu akamweka parrain upande wa kushoto, mbali, nyuma ya kisiki, apate kuona uwazi uliokuwa mbele yangu. Kulikuwa na mvua nyembamba, ile isiyoanguka wala isiyoacha. Kukapambazuka. Nikapiga bawa, nikaita. Dume likajibu mbali. Nikaita tena, likajibu, halafu likanyamaza. Hilo ni jambo la kawaida, linanyamaza linatembea. Unangoja. Parrain hakungoja. Alidhani limekwenda upande mwingine, halafu akasikia jike, karibu, jike linalopiga mabawa, akafikiri dume liko nalo. Akatoka kwenye kisiki chake akitambaa.

Mimi nilikuwa napiga bawa gotini.

Kishindo sikukisikia. Nilidhani mti umenipiga teke usoni. Halafu nikasikia parrain analia, "Yesu, Yesu, Yesu, compère," na mzee anakuja akikimbia, uzee wake wote, anateleza kwenye majani.

Jicho la kushoto lilikufa pale pale. Mdomo wa juu ulishonwa, meno ya mbele yakaenda. Punje nyingine za risasi zimebaki shingoni mpaka leo, chini ya ngozi, na kinyozi mgeni huuliza hivi ni vitu gani.

Polisi wa kule walikuja kitandani, hospitalini. Kijerumani sijui hata cha kuomba maji. Mzee anakijua. Akasimama katikati yetu, kofia mkononi. Polisi akauliza, mzee akanigeuzia, taratibu, kwa Kiswahili kile kile cha Likasi:

"Bwana, banauliza ulikuwa wapi."

"Pa muti," nikasema na huo mdomo ulioshonwa. "Pale weye mwenyewe uliniweka. Nilikuwa ninaikala chini. Sikutoka."

Mzee akawageukia, akasema maneno marefu, marefu kuliko yangu. Polisi wakanitazama kwa huruma. Mzee akanigusa mguu juu ya blanketi. Nami nikamshukuru. Kweli, nilimwambia aksanti, papa.

Ni huku Brussels nilipojua nilichosema. Bwana wa bima alinieleza kwa Kifaransa, kwa upole, kwamba mimi mwenyewe nilikiri: niliinuka, nikatoka kwenye mti, nikaenda mbele kutazama dume, bila kumwambia mtu. Nilimwambia sikusema hivyo. Akasema nilisema, mbele ya polisi, na rafiki yangu alikuwepo kunisaidia.

Basi wakawa wamepona wote wawili. Parrain hakutoka kwenye kisiki chake, ni mimi niliyemjia mbele ya bunduki. Mzee hakuwa kiongozi wa wenye bunduki wasiotii. Bunduki zake zikabaki kabatini kwake, na rafiki yake wa msituni akaendelea kumkaribisha. Mimi ndiye mpumbavu. Habari ikazunguka, kanisani, dukani, kwenye matanga. Watu walinipa pole, halafu wakaongeza ka-neno: "Pole, papa. Lakini na weye, ulifuata nini kule mbele?" Kuna mwanamke mmoja aliwaambia watoto wake mbele yangu, "Munaona? Ni vile mukikataa kusikia bakubwa."

Kazi yangu ilikuwa kwenye kiwanda cha magari cha Forest, huku Brussels. Kwa jicho moja haikuwezekana tena kusimama kwenye mashine. Kiwanda kilipofungwa baadaye, wenzangu waliimba na kulia pamoja mlangoni. Nilikwenda nikasimama ng'ambo ya barabara. Sikuwa na haki hata ya kulia nao.

Na kuita siwezi tena. Mdomo hauzibi vizuri, hewa inatoka upande. Nilijaribu siku moja bafuni. Ilitoka sauti kama mtu anayepuliza chai.

Mwaka huu binti yangu ameolewa. Kwetu parrain anasimama karibu na mtoto siku hiyo, ana kiti chake mbele, anasema maneno yake. Binti yangu alimtaka. Parrain hakumkosea yeye kitu: alimletea zawadi kila Noeli, alimfundisha kuendesha gari katika ile ile ya makayabu. Nikamwambia binti, sawa, atakuja. Lakini kwanza aseme mbele ya watu kwamba sikuondoka kwenye mti wangu. Sitaki kitu kingine.

"Papa, tena ile maneno?"

"Tena ile."

Nilianza na mzee. Nilipanda metro mpaka mwisho, nikatembea mpaka kwake, karibu na msitu. Alinipokea vizuri, sasa anatembea na fimbo. Kabati la bunduki lilikuwa tupu, bunduki alishamwachia mpwa wake. Akanimiminia kahawa.

"Papa," nikasema, "bunduki haziko tena. Hauna cha kupoteza. Sema tu."

Akili anayo yote, msinidanganye kwamba ni uzee.

"Bwana, nitasema nini ku batu? Niseme mimi ni muongo, miaka yote ile? Niko karibu kufa. Uniache nikufe muzuri."

"Na mimi nitakufa namna gani?"

Akasukuma sahani ya biskuti upande wangu.

Parrain alikuja mwenyewe, Jumamosi mchana, wiki moja kabla ya arusi. Alileta makreti ya vinywaji na mfuko wa mchele, akaviweka kwenye korido, akaingia jikoni akihema. Amenenepa. Binti yangu alikuwa chumba cha pili akijaribu viatu, nikisikia visigino vyake kwenye mbao.

"Compère, mutoto ananiambia uko na masharti."

"Iko moja tu."

"Bon. Funga mulango."

"Mulango itabakia vile iko."

Akakaa. Akajifuta shingo na kitambaa. Akaanza kusema mambo ya msamaha, kwamba Mungu anajua, kwamba tumekuwa wazee, kwamba arusi si mahali pa kufufua maiti. Nilimwacha aseme. Halafu nikamwuliza kitu kimoja tu, bila kupanga. Haki ya Mungu, sikupanga. Nilitaka kujua.

"Ile asubui, uliona nini? Mbele ya kupiga. Ile uliona na macho yako."

"Ah, compère, donc..."

"Uniambie tu. Uliona nini?"

Akakunja kitambaa, akakikunjua. Macho yake yakajaa machozi, na yalikuwa ya kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Niliona bawa. Niliona bawa inapigapiga pa goti yako, nikasema njo ile, dindon njo ile pa chini ya muti..."

Viatu katika chumba cha pili vilikuwa vimenyamaza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Anajua bawa lile. Alilichezea tangu utoto, anajua nililipigaje. Mtu hawezi kulipiga gotini akiwa anatembea.

"Tonton," akasema. "Papa alikuwa anaikala?"

Parrain alimtazama yeye, hakunitazama mimi. Akainuka, akatafuta koti lake mgongoni mwa kiti ingawa alikuwa amelivaa. Akapita korido, akagonga makreti kwa goti, chupa zikalia. Mlango wa chini ulifungwa polepole. Hakutaka hata ugonge.

Nilidhani siku nitakapolisikia neno hilo nitalala vizuri. Nilikaa pale jikoni nikaona mchele aliouleta.

Siku ya arusi kiti chake kilikuwa mbele, na utepe wake, maana hakuna aliyethubutu kukiondoa. Watu waliuliza. Binti aliwaambia tonton ni mgonjwa. Yaani naye amekwisha kuanza kumsemea uongo.

Nje ya kanisa, tukingoja mlango ufunguliwe, alinishika mkono wa kushoto. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Papa, ningependa ungekuwa umeinuka kweli, pale pa muti."

Kinanda kikaanza. Alikuwa upande wa jicho langu lililokufa, na sikuuona uso wake njia nzima mpaka altareni.