Sauti ya Daktari wa Kiswidi

Hebu mwone dereva teksi akiingia kwa Bi Vumilia, hapa Falls Church, Marekani, na filamu ya tatu, ya mwisho, ya wale wapelelezi wa Kiswidi. Mbili za kwanza alishamfasiria, maana mama huyu hajui Kiswidi wala Kiingereza. Huvuta stuli hadi karibu na sikio la mama, hukohoa kidogo, kisha huwa kila mtu: polisi kwa sauti nzito, binti mshtakiwa kwa sauti ya chini, kama wafasiri wa filamu kwenye mabanda ya video kule Mwanza. Leo, daktari wa kwenye filamu alipoinama juu ya binti yule, Bi Vumilia, ambaye kesho anapasuliwa moyo, akauliza, "Usinidanganye, mwanangu. Huyu binti kitandani atapona?"

Maandishi ya Kiingereza chini ya picha niliyaona mimi, niliyeketi nyuma yao: daktari hana hakika.

"Daktari anasema atapona, mama. Kabisa," dereva akajibu.

Kisha akabonyeza rimoti, akaisimamisha filamu. Wewe ungemfasiria vipi?