Risasi Nzito za Theonest

Nyati wa mwaka jana aliondoka na risasi ya Theonest ubavuni, kama mtu aliyeazima kitu akasahau kukirudisha. Risasi ilikuwa nyepesi. Iliishiwa nguvu kabla ya kuufikia moyo. Ndiyo maana msimu huu, kibali kikiwa mfukoni, mkulima huyu wa Ushirombo alikwenda hadi duka la silaha la Hamza, Kahama, akaomba pakiti ya kiwandani yenye vichwa vizito zaidi.

“Hizi zinazama mpaka kwenye mfupa, Baba Evelina,” Hamza alisema. “Lakini darubini ya bunduki yako imezoea nyepesi. Nzito zitapiga chini ya unapolenga. Jaribu kwanza, uirekebishe.”

Theonest aliitikia kama tunavyomwitikia daktari anayetukataza chumvi. Akajaribie wapi? Huku ni kwenye dhahabu: bunduki ikilia tu, maduka yanafungwa, wanunuzi wanalala chini ya meza, na polisi wanamtafuta jambazi. Akaingia porini na risasi asizozijua.

Jilala, mfuata nyayo wake tangu ujana, ndiye aliyemwona dume, mbali kidogo, kasimama kiubavu. Theonest akalenga bega. Risasi ikapiga mguu.

“Umempiga goti!” Jilala alinong'ona. “Ulitaka apige magoti, asali kwanza?”

Nyati akajitosa kichakani. Aliyejeruhi ndiye hutangulia. Hilo halikuhitaji mjadala. Theonest akaingia, akifuata damu. Jilala alikuja nyuma yake na panga, silaha inayofaa sana kwa muwa.

Kichaka kikapasuka upande wa kulia. Nyati hakuwa na habari na aliyempiga, alimwendea Jilala. Theonest alianza kuinua mtutu juu zaidi, afidie kule kushuka, kisha akaona upumbavu wake: kwa umbali huu risasi haina hata nafasi ya kushuka. Akalenga shingo, pale pale alipotaka ipige, akafyatua.

Dume akaanguka, pembe yake ikiwa imeichana suruali ya Jilala toka goti hadi kiunoni.

“Umeumia?”

“Nduhu, hakuna kitu.” Jilala alilipapasa paja lake mara mbili, kuhakikisha. Kisha akanyoosha kiganja. “Risasi zilizobaki. Lete.”

“Jilala, kibali kina jina langu.”

“Na msalaba ungekuwa na jina la nani?”

Theonest akafungua bunduki, akammwagia zote kiganjani. Zilikuwa nzito kweli. Jilala akazitia kwenye mfuko wa upande ambao suruali ilikuwa bado nzima, akatafuta jiwe, akaanza kunoa panga la kuchunia nyati.